Utani Pembeni

Mitole, 9 Juni 2024

Kwako mtani wangu Kudra, mwenye miguu ya korongo na masikio ya kushikia sufuria,

Salamu ni za watu wenye heshima zao, kwa hiyo sikusalimii. Anayekusalimu ni mama yangu, yaani shangazi yako, na anauliza kama huko bwenini mnashiba. Nimemjibu kwamba wewe hata ukishiba hujulikani.

Tumesikia kidato cha nne hamji likizo, mmewekwa kambi ya kusoma. Poleni. Sisi wenzenu wa shule ya kutwa tunakwenda na kurudi, tunakula ubwabwa wa mama zetu. Kwa kuwa kwenu simu ni marufuku, barua hii nampa Tomaso, kondakta wa basi la Lindi. Nimemwahidi kwamba akinifikishia atapata mke. Usinishukuru.

Nina swali. Wiki iliyopita mwalimu alituuliza darasani, mtu aliyefanikiwa ni nani? Wavulana wa nyuma wakajibu kwa sauti moja: Brighton. Unamkumbuka Brighton wa kwa mama Bertha, aliyeacha shule kidato cha pili akaenda machimbo ya dhahabu upande wa Nachingwea? Karudi. Ana pikipiki nyekundu yenye redio, unaisikia kabla hujaiona, na nyumba ya mama yake imepigwa bati la bluu. Jioni vijana wanamzunguka kijiweni kumsikiliza. Kwao huyo ndiye aliyetoka kimaisha. Wasichana walisema muuguzi, wengine hakimu, tukawazomea. Mwalimu mwenyewe anakuja kwa baiskeli, akafuta ubao tu. Huko kwenu mnasemaje?

Utani pembeni, Kudra. Mimi sikumtaja Brighton. Sikutaja mtu. Lakini kama ningetaja, ningesema nataka kuwa bwana shamba. Nyuma ya banda la kuku nimeotesha miche ya mikorosho kwenye viriba, vile vifuko vya nailoni, nikaibebesha vikonyo vya ule mkorosho wa babu unaozaa hata mwaka wa ukame. Unachanja mche, unachomeka kikonyo, unafunga na nailoni, halafu unasubiri uone kama vimeshikana. Mingi imeshika. Nikiona jani jipya linachungulia, moyo unanienda mbio kama nasubiri matokeo. Hilo sijamwambia mtu mwingine.

Mtani wako,
Rehani


Lindi, 23 Juni 2024

Kwako mume wangu wa kulazimishwa, Rehani,

Barua yako imefika ikinuka jasho la Tomaso. Yeye mwambie mke hakupatikana.

Sasa wewe kwa utani huna mpinzani. Hiyo "utani pembeni" yako imeniua. Kila ukiiandika najua linalofuata ni utani mkubwa zaidi. Si ndivyo ulivyoniambia mwaka jana kwamba mbuzi wa baba amezaa mapacha wenye ndevu, nikampelekea mwalimu wa baiolojia habari? Eti bwana shamba. Eti nyuma ya banda la kuku anachunguliana na jani. Nimeisoma kwa sauti bwenini baada ya chakula, Rosemary akaanguka kitandani kwa kicheko. Tangu hapo jina lako hapa ni Bwana Miche. Martina anauliza kama mahari utaleta viriba.

Mwalimu Natalia naye alituuliza swali kama lenu. Hapa hakuna aliyetaja bati. Walitaja daktari, mwanasheria, mhasibu wa benki, kazi yenye kiti cha kuzunguka na kiyoyozi. Martina alisema kufanikiwa ni kununua sukari bila kumwomba mtu. Kisha Rosemary akasema yeye mume lazima awe ametoka tayari, siyo anayetafuta, tukapiga makofi.

Mimi nilisema daktari, kwa sababu baba ameshawatangazia watu wa Mitole kwamba mimi ni daktari. Lakini nikuambie wewe. Walipokuja wale wapima ardhi kwenye mashamba yetu, kulikuwa na dada mmoja aliyeshika chombo chenye miguu mitatu. Wazee waliokuwa wakigombana tangu sijazaliwa wakasimama mbele yake kimya wakingoja awaambie mpaka uko wapi. Nataka kuwa yule. Usicheke.

Mkeo asiyekutaka,
Kudra


Mitole, 14 Julai 2024

Kwako Kudra,

Barua nimeipata. Sikucheka. Kazi ya kupima ardhi itakufaa, una macho makali na unapenda kuwanyamazisha wazee. Mjomba atakasirika kidogo, atazoea.

Jina la Bwana Miche limefika hapa kabla ya barua yako. Wasichana wenzako walimwambia Tomaso getini, naye akalimwaga stendi. Sasa nikipita kijiweni wananiuliza watoto wangu wa kwenye viriba wameanza kutambaa. Hata Brighton amezima redio ili anicheke vizuri. Utani ni utani, sina neno.

Brighton anarudi machimboni mwezi ujao. Anasema kuna nafasi ya mtu mwembamba. Anasema wenye vyeti vya kidato cha nne wamejaa mjini wanaendesha pikipiki za watu, yeye asiye nacho anaendesha yake. Nimekaa nikawaza, sikuona pa kumbishia. Na kumbe hata nyinyi wasichana mnamtaka aliyekwisha kutoka.

Utani pembeni, nakwenda naye. Mtihani siufanyi. Unasemaje?

Rehani


Lindi, 28 Julai 2024

Kwako tajiri mtarajiwa,

Nakuandikia mbiombio, kesho tunaanza mtihani wa majaribio na kemia haijaniingia hata kwa nyundo.

Nenda, baba. Tena usirudi bila gari, pikipiki hatupandi sisi, tunachafuka. Mwanamume wa Mitole asiye na chombo ni sawa na kuku wa kienyeji, anakimbizwa na kila mgeni anayekuja. Utani pembeni (unaona nami nimejifunza), ukibaki hapo na viriba vyako mimi sikujui, na tukikutana Lindi nitavuka barabara. Ukipata dhahabu niletee hereni, haya masikio ya sufuria yanahitaji mapambo.

Mkeo mpenda mali,
Kudra


Mitole, 18 Agosti 2024

Mwanangu Kudra,

Asalaam alaykum. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, mwandiko utauvumilia.

Rehani ameondoka. Ameondoka Jumatatu alfajiri nyuma ya pikipiki ya yule Brighton. Nilimwahi mlangoni nikamshika mkoba. Nikamwambia, mwanangu, mtihani ni Novemba, jina lako limeshakwenda, vidato vyote hivi umevitembea kwa miguu, ukatae kumalizia? Akanijibu, "Mama, hata Kudra amesema niende." Nikamwachia mkoba. Wewe ndiye mwenye akili katika ukoo wetu, nikadhani unajua jambo nisilolijua.

Nakuuliza, mama, ulimwambia nini? Sikugombezi. Watani nawajua, mimi na marehemu binamu yangu tulitaniana mpaka anakata roho. Nataka kujua tu.

Simu yake haipatikani. Nimekwenda shuleni, mkuu wa shule amesema akiwahi siku ya kwanza ya mtihani atamruhusu aingie. Akichelewa, basi tena. Nasikia huko wanashuka ardhini kwa kamba. Mimi silali.

Miche yake namwagilia. Sijui kama ndivyo inavyomwagiliwa.

Shangazi yako,
Mama Rehani


Lindi, 25 Agosti 2024

Kwako mtani Rehani,

Rudi. Shangazi ameniandikia. Barua hii nimempa Tomaso, naye ana rafiki yake dereva wa lori la vyakula la huko machimboni, sijui itakufikia lini.

Mimi nilikuwa natania. Unajua nilikuwa natania. Tangu lini mimi na wewe tukaambiana kweli? Niliona unanichokoza, nikakuchokoza. Utani pembeni, sitaki mtu mwenye gari. Mimi gari zenyewe zinanitapisha, umesahau tulivyokwenda harusini Kitomanga nikamtapikia bwana harusi kanzu? Utani pembeni kabisa, Rehani, rudi ufanye mtihani. Mama yako halali. Hereni sitaki, masikio nitayafunika na ushungi.

Naisoma tena hii barua naona hata mimi ningecheka. Lakini nakuomba uniamini.

Kudra


Machimboni, 15 Septemba 2024

Kwako mke wangu Kudra,

Barua yako nimeipata kwa Mama Happiness, mama lishe wetu, ameihifadhi ndani ya debe la unga. Nimewasomea wenzangu jioni, Faustino kacheka mpaka kamwaga chai. Hiyo ya kanzu ya bwana harusi wameipenda sana, wanataka uandike nyingine. Wewe kwa utani pembeni umenipita, nakubali. Nikiwa na viriba unavuka barabara, nikishika sururu unanililia nirudi.

Mama nimemtumia salamu kwa mtu. Mwambie asihangaike.

Maisha ya hapa ni ya kiume. Mimi bado niko juu, navuta ndoo za mawe kutoka kwenye duara, ndivyo tunavyoliita shimo. Wanaoshuka chini ndio wanaume, sisi wa juu tunaitwa watoto. Brighton ameahidi kunishusha nikizoea. Kikohozi kimenishika kidogo, ni vumbi tu. Dhahabu yenyewe sijaiona bado, ila kila mtu hapa anamjua mtu aliyeiona.

Kitu kimoja kimenichekesha. Matimba, yaani magogo yanayozuia kuta zisianguke, yamekatwa mabichi. Juzi nilichungulia na tochi nikaona gogo moja linachipua humo gizani, kijani cheupe kama ukucha. Sikumwonyesha mtu.

Msalimie Martina. Mwambie mambo ya viriba nimeachana nayo.

Mumeo,
Rehani


Lindi, 29 Septemba 2024

Kaka Rehani, shikamoo.

Sijui kama unaisoma wewe barua hii au wanaisoma wengine. Leo getini Tomaso amesema duara limeporomoka huko mliko, na kijana wa kwetu Kilwa amebaki ndani. Jina halijui. Nimemuuliza ni mwembamba au mnene, akasema hajui, nikamshika shati mbele ya mlinzi. Nimerudi bwenini nimekaa sakafuni.

Nimekuita kaka. Tangu tuzaliwe sijawahi, na kama ningekuita hivyo nyumbani wangetuuliza tumegombana nini. Lakini sina neno lingine. "Utani pembeni" tumeichezea mpaka haina maana tena, kila mmoja akiiandika mwenzake anajiandaa kucheka. Na shikamoo nimekupa kwa makusudi, ingawa umenizidi miezi tu, kwa sababu sijawahi kuona mtu akiitania.

Kaka, mwezi wa sita uliniambia kweli, nami nikaisomea bweni zima. Nilipokuambia langu mimi, wewe hukunicheka. Naona aibu kubwa.

Lile swali lilipita darasani kwenu na kwetu, na karibu wote tulitaja vitu vya kuonwa na watu. Mimi nilisema daktari kwa ajili ya baba. Wewe ulitaja kitu kinachokuendesha moyo mbio ukiwa peke yako nyuma ya banda la kuku. Na siku ile Rosemary aliposema mume awe ametoka tayari, tulipiga makofi kwa woga. Kila mmoja wetu hapa ana mama au dada aliyemsubiri mtu anayetafuta mpaka ujana ukamwishia. Hatukuwa tunakusema wewe. Ila wewe ulisikia hivyo, na mimi ninayekujua nilitakiwa nijue utasikia hivyo.

Kama uko hai, rudi. Hivyohivyo ulivyo, mikono mitupu. Mkuu wa shule amesema ukiwahi siku ya kwanza utaingia chumba cha mtihani. Shangazi anamwagilia miche yako kila siku na hajui kama anaimwagilia sawa.

Kama uko hai nijibu hata neno moja.

Mdogo wako,
Kudra


Mitole, 20 Oktoba 2024

Marahaba.

Ulisema nijibu hata neno moja, ndilo hilo. Mengine ni nyongeza.

Lililoporomoka ni duara letu, na kijana wa Kilwa ni Brighton. Ilikuwa alasiri, sisi wa juu tukaona kamba imelegea mikononi. Tulichimba na sururu, mwisho tukachimba na mikono. Tulimtoa akiwa hai, lakini mguu umesagika, na mama Bertha yuko naye hospitali. Pikipiki nyekundu imeegeshwa kwa Mama Happiness, watoto wanapiga honi.

Sasa nikuambie jambo ninaloliogopa zaidi ya hilo. Baada ya siku chache watu walirudi kazini. Wakasema nafasi ya Brighton iko wazi na mimi ni mwembamba. Nikapigwapigwa mgongoni, nikaitwa mwanamume. Na mimi nilifurahi, Kudra. Nilijua yale magogo ni mabichi, nilijua kilichompata mwenzangu, na bado nilifurahi kwamba sasa nimepanda cheo.

Nilikuwa nafungwa kamba kiunoni Mama Happiness alipokuja na barua yako. Nikasoma mstari wa kwanza tu. Kaka. Shikamoo. Nikadhani mama amekufa. Halafu nikawaza, mbona hata kwenye msiba watani wanataniana? Babu alipofariki wewe ulijifunga msuli wake ukaiga kikohozi chake, wafiwa wakacheka huku wanalia, na hakuna aliyekukataza. Sasa ni jambo gani lililo zito kuliko msiba, hata Kudra aache utani? Nikawaambia wanifungue nimalize kusoma. Walinifungua wakiguna. Nilipomaliza, Faustino alikuwa ameshika kamba ananingojea, nikamwambia ajitafutie mtu mwingine, na yeye naye asiende.

Nimefika nyumbani kwa lori la magunia. Mama alinishika uso kama anayenunua tikiti maji, akaingia jikoni. Miche ameimwagilia mno, mingi imeoza mizizi. Michache imebaki, ina majani. Mkuu wa shule aliniangalia kucha, akanionyesha dawati langu.

Sijui kama nitafaulu. Masomo yamenipita mengi, na nikilala nasikia ile kamba inalegea. Kijiweni wanasema nimekimbia kazi ya wanaume. Nikipita hawaniulizi tena habari za viriba, wananyamaza, na kunyamaza kwao kunaniuma kuliko kicheko.

Nina ombi moja. Usiniite kaka tena. Nikilisoma lile neno naona kama nimekufa kweli na mtani wangu hakuja mazikoni. Nitukane kidogo nijue nimerudi.

Rehani


Lindi, 27 Oktoba 2024

Kwako mume wangu wa kulazimishwa, mwenye shingo ya mbuzi na kikohozi cha marehemu babu,

Barua yako nimeisomea chooni nisilie mbele ya watu. Martina akanifuata akidhani tumbo linaniuma. Nimemwambia ni kweli, nimeikumbuka sura yako ghafla. Barua yenyewe sijamsomea mtu hata mstari, wala sitamsomea.

Mama kaua miche kwa maji, mtoto kaenda kuvuta ndoo za mawe, halafu mnasema ukoo una akili. Usinililie kuhusu mtihani. Soma. Ukifeli nitawaambia watu wote kwamba machimboni ulikuwa unaitwa mtoto, na utarudia mwakani nikikucheka dirishani. Na kijiweni usipite kichwa chini, una shingo ya mbuzi lakini ni ndefu, inyanyue.

Baba nimemwambia habari za kupima ardhi alipokuja siku ya wazazi. Aliniachia sabuni na sukari akaondoka. Naogopa, ila nimeshasema. Nikikipata kile chombo changu chenye miguu mitatu, shamba la kwanza kupima litakuwa lako, nami nitakupunja upande wote wa mkorosho wa babu.

Rosemary anauliza, mtu akitaka mche wa ule mkorosho anafanyaje? Mama yake ana shamba Pande na mikorosho yake imezeeka. Nimemwambia nitakuuliza, na kwamba wewe ni mtu wa kubembelezwa sana.

Katika barua hii nimekuita mbuzi, mtoto na mume wangu, na yote hayo ni utani, yachukue unavyotaka. Juu ya bahasha nimeandika Bwana Miche. Hilo si utani.

Mtani wako,
Kudra